Mkasi wa Bi Pindo

Bi Pindo hakuwa mtu wa kutupa kitu. Alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alipewa kwa sababu pindo zake hazifumuki. Pakiti za unga zikiisha, alizikung'uta, akazishona pamoja zikawa mkoba wa kwendea dukani. Maandishi aliyaficha kwa ndani.

Aliyaficha kwa sababu. Unga ule ulikuwa wa watu wenye kisukari. Bi Pindo alikuwa nacho, na aliyejua ni mumewe tu. Mama mkwe, aliyeishi nao, alikuwa amemzika binti yake kwa ugonjwa huohuo. Bi Pindo alitaka kumwambia mwenyewe, kwa upole, daktari akishasema hali imetulia.

Mama mkwe naye alikuwa ametoka kujifunza kusoma katika darasa la watu wazima. Basi hapitwi na herufi! Alisoma mabango, magunia, hata fulana za watu, tena kwa sauti.

Asubuhi moja walikwenda wote wawili kwenye duka kubwa, Bi Pindo na mkoba wake mkononi. Walipoingia tu, skrini ya mlangoni ikawaka. Mama mkwe akasimama.

"Ka-ri-bu te-na, Bi Pi-ndo!" akasoma, akacheka. "Mwanangu, wanakujua! U-nga wa-ko wa ki-su-ka-ri..."

Akamtazama Bi Pindo. Watu wakageuka.

"Unacho?" akauliza mama mkwe.

"Ninacho, Mama."

Mama mkwe akatoka. Njia nzima hakusoma hata bango moja.

Bi Pindo alitamani ardhi ipasuke. Kisha aibu ikageuka hasira. Nani aliwaambia? Mkoba wenyewe ulikuwa mtupu! Akaupeleka moja kwa moja kwa jirani yao, Fundi Simu.

Fundi Simu akaupindua mkoba ndani nje. Chini ya lebo ya pakiti moja akabandua kikaratasi chenye waya mwembamba na chipu ndogo kama punje ya mchanga.

"Huyu hapa mmbeya wako," akasema. "Hiki ni kibandiko cha redio. Hakina betri. Mashine ya mlangoni inarusha mawimbi, nacho kinaitikia kwa kutaja namba yake. Hata kikiwa ndani ya mkoba, kinasomwa ukiwa hatua kadhaa."

"Namba tu? Jina langu limetoka wapi?"

"Ukilipa, unatoa kadi ya pointi ya duka, ile yenye jina lako?"

Bi Pindo akajipiga paji la uso.

"Basi namba ya pakiti wameiunganisha na kadi yako. Umejishonea tangazo, jirani!"

"Na ile mistari myeusi ya bei?"

"Ile lazima imulikwe kwa karibu. Hiki hakihitaji kuonekana. Si kila pakiti inacho, kwa hiyo kagua. Ukikiona, kikate katikati, chipu itengane na waya. Usikitie kwenye oveni wala motoni, ni hatari. Na kitu usichotaka kijulikane, usikinunue kwa kadi."

"Na duka tunalifanyaje?"

Aliyeuliza alikuwa mama mkwe. Alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu, kanga kaikaza kiunoni.

"Duka linaulizwa, bibi. Taarifa ni za mteja. Ana haki ya kudai zifutwe."

"Haya, mwanangu, chukua mkasi wako. Twende."

Meneja aliwapokea kwa tabasamu. "Tunataka kuwahudumia vizuri zaidi. Na masharti mliyakubali, yako nyuma ya kadi."

Mama mkwe akaikodolea macho kadi. "Bwana, mimi nimejifunza kusoma uzeeni. Herufi hizi mmewaandikia sisimizi?" Foleni nzima ikacheka. Yeye hakucheka. "Huyu alikuwa na neno la kuniambia. Lilikuwa lake. Mmemnyang'anya."

"Futeni jina langu," Bi Pindo akasema. "Na kibandiko kizimwe nikishalipa."

"Leo haiwezekani, mama."

"Basi mimi naanza leo."

Akachukua pakiti zake za unga, akalipa bila kadi. Akatoa mkasi wake wa kukatia vitambaa, akakagua pakiti moja moja palepale kaunta. Kila kibandiko alichokipata, kacha! Meneja akamwomba asogee. Hakusogea. "Mali yangu, nimeshailipia," akasema.

Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akanyoosha mkono. "Niazime, dada." Aliyefuata naye akauomba. Kesho yake walirudi na majirani, kila mmoja na mkasi wake, na foleni ikafika mlangoni. Meneja akasalimu amri.

Sasa pale kaunta pana kifaa cha kuzimia vibandiko, na jina la Bi Pindo limefutwa. Naye hashoni pakiti kabla ya kuikagua. Mama mkwe humsindikiza kliniki, na mabango yote ya huko amekwisha kuyasoma.

Juzi waliingia dukani na mkoba mpya. Skrini ikawaka.

"Ka-ri-bu m-te-ja," mama mkwe akasoma. Akangoja. Hapakuwa na zaidi.

"Hapo sawa," akaiambia skrini. "Mengine ataniambia mwenyewe."