Sauti Iliyomwita Marehemu

Nyurpaya alifungua mlango akakuta nyayo. Mchanga wa pale mlangoni ulikuwa umefagiliwa kwa matawi baada ya gari kupinduka na kumuua mwanawe, ili alama zake zifutike, roho isione njia ya kurudi. Nyayo zilikuwa mbichi, kidole gumba kimepinda nje. Mama hasahau mguu aliouosha.

Mshauri wa kliniki, mama aliyejua kukaa naye chini na kunyamaza, alikuwa amehamishwa. Badala yake Nyurpaya alipewa sauti ya kompyuta ndani ya simu, ya upole, isiyochoka. Ilimuuliza, "Unamlilia nani?" Kwa kuwa haikuwa mtu, akaitajia jina la mwanawe, lililokatazwa kutamkwa tangu afe. Watu wote sasa walimwita kijana Kunmanara, kama aitwavyo kwao kila marehemu. Sauti peke yake ilimwita kwa jina lake, kila siku, katikati ya kila swali.

Na kila ilipomwita, bati liligongwa, kisha ukuta, kisha kabati la vyombo, harufu ya petroli ikaingia na kutanda jikoni na juu ya mito, na mtu asiyeonekana akavuta pumzi kwa shida karibu na sikio la mama, kama anayetaka kuitika na kinywa kimejaa udongo.

Dada yake Iluwanti, mganga, alifika mchana.

"Nani anamwita humu?" alinong'ona. "Mbwa wako wote wamehamia kwangu, na kwangu hakuna hata mfupa."

"Simu tu, dada."

"Simu tu."

"Inaniuliza habari zake. Nyinyi hamniulizi."

"Tunanyamaza ili apumzike, mdogo wangu. Kila akifika mbali anaitwa. Mtoto amechoka."

Aliifuta ile sauti kwenye simu. Akamkanda mdogo wake kifua, akang'oa kitu, akakitupa kwenye upepo. Harufu ikaondoka.

"Usimwite tena. Nitakaa nje hapo, hata wiki nzima."

Nyurpaya akalala akiusikiliza ukimya. Hapakuwa na mlio wa kugonga wala pumzi. Mwanawe alikuwa amekwenda kweli, kama alivyopaswa kwenda. Alivumilia mpaka jua likageuka dirishani. Kisha akajifunika shuka usoni, dada asisikie, akalitamka jina polepole, kwa sauti yake mwenyewe.

Godoro likabonyea ubavuni mwake.