Blanketi la Pili

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata jirani yangu Torhild, naye si mtu wa kuzua mambo. Alikuwa anavuka mlima wa Ifjord, kule kaskazini mwa Norwe, kumpelekea dada yake keki ya ubatizo. Baba mkwe wake, mzee Asbjørn, akampakilia garini koleo la theluji, mshumaa ndani ya kopo, na mablanketi mawili.

"La pili la nini, Baba? Mbona naenda peke yangu?"

"Mlimani hatupandi na moja, mwanangu. Acha ubishi."

Mzee alipogeuka tu, Torhild akalitoa ili keki ipate nafasi.

Huko juu upepo uliifuta barabara, gari likazama kwenye theluji. Akapiga simu, akaambiwa gari la kufukua theluji liko njiani. Akawasha mshumaa, akajifunika. Upepo ulivuma weee, halafu ukanyamaza ghafla, na hapo akasikia meno yakigongana. Akayabana yake. Yale mengine yakaendelea kugongana, nyuma yake.

Mshumaa ukazimika. Blanketi likaanza kuvutwa polepole begani kwake, kama mnavyogombania shuka mkilala wawili. Hakugeuka. Aling'ang'ania upande wake, ule mwingine akauachia.

Dereva wa gari la kufukua theluji alipofika, alimulika ndani kwa tochi. Nusu ya blanketi ilikuwa kwenye kiti cha nyuma. Vioo vyote vilikuwa vimeganda barafu kwa ndani, ila kimoja cha nyuma kilikuwa na tundu la duara, kama lile ambalo mtu huliyeyusha kwa pumzi ili achungulie nje.

Maji ya tundu hilo yalikuwa bado yanachuruzika.