Gari Hili Limejaa

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya mji wa Nan, Thawat alipoingia kwenye kichochoro cha Bi Bunsi kutazama gari. Hakukumbuka tena lilikuwa gari la ngapi. Mwezi mzima alikuwa akizunguka, akipanda na kushuka, akifungua milango na kupiga matairi teke. Moja lilikuwa pana kama ghala la mpunga, lakini ukilipeleka kwenye kona linalala ubavu kama mlevi aliyekosa ukuta. Jingine lilishika barabara vizuri hadi akacheka peke yake kwenye usukani, ila siti zake za nyuma hata kuku wangelalamika. Thawat alitaka yote mawili, nafasi na raha. Mshika mawili moja humponyoka, lakini ni nani aliyewahi kumwambia hivyo mtu mwenye tamaa ya gari akasikia?

Zamani alikuwa na gari la milango miwili, jekundu, la chini. Kila safari ya kuvuka mlima mkewe Rewadi alitapika, mama mkwe akakunjwa nyuma kama mkeka, na binti yao Namtan akapakatwa juu ya mizigo. Thawat hakuona kitu. Macho yake yalikuwa kwenye kona. Siku moja ya mvua, katikati ya mlima, Rewadi alisema simamisha. Akashuka, akamshusha mtoto, akamshusha mama yake, wakapanda basi lililokuwa linapita kuelekea Phayao, nyumbani kwa huyo mama. Hawakurudi. Mwaka wa pili huo. Kabatini mlikuwa na sahani nne, na kila jioni Thawat aliosha moja.

Halafu Rewadi akapiga simu. "Shule ikifunga Oktoba, njoo utuchukue. Tukiona tunaweza kuishi nawe, tunabaki huko. Lakini uje na gari ambalo tutakaa kama watu. Ukija na kile kiatu chako, geuzia hapo hapo getini."

Kile kiatu alikiuza wiki ile ile. Ila furaha ya kona hakuweza kuiuza. Ndiyo iliyokuwa imembakia.

Gari la Bi Bunsi lilikuwa jeusi, la juu, la siti saba. Bi Bunsi mwenyewe alikuwa mjane, watoto wake wote wako Bangkok. Kwenye kioo cha ndani palining'inia shada la maua la mama mlinzi, pepo anayelinda gari, na darini zilibaki alama za chokaa za mtawa aliyelibariki. Kila kitu kama kawaida, isipokuwa stika kwenye kioo cha nyuma, ya maandishi makubwa ya njano.

GARI HILI LIMEJAA.

Thawat alicheka. Stika za namna hiyo alizijua. Mwenzake kazini, ambaye nyota yake haipatani na rangi nyeusi, alibandika kwenye gari lake jeusi: Gari hili ni jekundu. Eti kisirani kikija, kisome, kikose la kufanya. Kisirani kinachojua kusoma lakini hakijui rangi! Ila hii ya kujaa hakuwahi kuiona.

"Shangazi, limejaa nini? Mbona tupu?"

"Wewe unajua ni tupu, na mimi najua. Wengine wasijue."

"Wengine gani tena?"

Bi Bunsi alikuwa anapangusa boneti kwa ncha ya khanga yake ya kiunoni. "Nilikuwa napeleka mboga Phayao peke yangu, mwanangu. Kule juu, kwenye kona ya kibanda… wapo wanaongoja usafiri. Wameongoja siku nyingi." Akapangusa tena palepale. "Usiibandue."

"Sawa, shangazi," alisema Thawat, kama mtu anavyomwambia mzee sawa.

Wakalipeleka kilimani kulijaribu. Injini ilikuwa tamu, usukani mwepesi. Lakini kila walipoingia kona, nyuma ilirusha teke.

"Mbona linaruka hivi?"

"Ni gari la familia hili. Likiwa tupu linanuna. Mimi na wewe tu tumekonda hivi, ni mzigo gani? Marehemu mume wangu alikuwa anasema, lijaze watu, utaliendesha kwa vidole viwili." Akacheka kidogo. "Alikuwa anapenda kona kama wewe. Nimeona macho yako."

Maneno hayo ndiyo yaliyonunua gari. Thawat aliwaona wote ndani: mama mkwe mbele ananyoosha miguu yake mibovu, Rewadi katikati amelala, Namtan kwenye dirisha, na yeye anapinda na mlima kwa vidole viwili. Walielewana bei hapo hapo.

Siku ya safari alilisafisha hadi likang'aa. Alipofika kwenye kioo cha nyuma, akasita. Thawat hakuwa mtu wa kudharau maneno. Mtu akitamka neno baya asubuhi, hata sokoni haendi. Sasa je, ataendaje kuchukua mke na mtoto kwa gari linalotangaza kwamba limejaa? Si ndio kujifungia mlango mwenyewe?

Akachemsha maji. Akaibandua kwa kucha, taratibu, hadi likabaki doa la gundi. Akahisi moyo mwepesi, kama aliyefagia uwanja kabla ya wageni.

Alitoka kazini jioni, akapiga simu kabla ya kuanza kupanda.

"Siti ngapi?" aliuliza Rewadi.

"Saba."

"Uongo!"

"Njoo uhesabu mwenyewe."

Nyuma ya sauti yake Namtan alikuwa anapiga kelele. "Baba, mimi mbele! Baba, mimi nakaa mbele!"

"Mbele ni pa bibi, wewe, acha kelele," alisema Rewadi, na Thawat akasikia kwamba anatabasamu. Hakuwa amesikia hilo kwa muda mrefu.

Mvua ya mwisho wa msimu ilimkuta njiani. Manyunyu, kisha ukungu. Gari lilinuna kweli. Kila kona teke, kila kona teke, hadi mikono ikamchoka. Barabara haikuwa na mtu. Alijaribu kuimba, akaona aibu kwa sauti yake mwenyewe.

Kona ya kibanda ilitokea ghafla. Kibanda chenyewe kidogo, cha sadaka za mizimu, cha mbao, juu ya nguzo moja, kimezungukwa na mashada yaliyooza na chupa za soda nyekundu zenye mirija. Akapiga honi kama kila dereva apigavyo pale. Salamu tu. Mawe yalikuwa yamemwagika barabarani, kwa hiyo alipunguza mwendo, akapita polepole… polepole sana…

Gari likainama nyuma.

Taratibu. Kama kitanda kinavyoinama mtu akikaa ukingoni.

Ti… ti… ti…

Kengele ya mikanda. Taa nyekundu iliwaka kwenye dashibodi: siti ya nyuma, kuna mtu hajafunga. Thawat hakuweka kitu nyuma. Hata mfuko.

Ti… ti… ti…

Klik.

Kengele ikanyamaza. Kisha likainama tena. Klik. Na tena. Klik. Harufu ikaingia, ya nguo zilizolowa zikakosa jua, na juu yake asumini iliyooza. Vioo vyote vikaota ukungu kwa ndani, kama vinavyoota kukiwa na pumzi nyingi.

Akatazama kioo cha ndani. Siti tupu. Lakini mikanda ilikuwa imevutwa, imefungwa, imekaza juu ya hewa.

Mguu wake ukakanyaga mafuta wenyewe.

Ya mwisho ilikuwa siti ya pembeni yake. Mkanda ulijivuta mbele ya macho yake, chini kidogo, kwa kimo cha mtu mfupi.

Klik.

Kona ikaja. Akaingia nayo kwa kasi ya woga, akijua sasa litaruka, sasa litatumbukia bondeni.

Halikuruka.

Lilipinda kama maji. Lilikamata barabara, likazunguka, likatoka upande wa pili bila kutikisika. Kona ya pili vilevile. Ya tatu, vidole viwili. Na hapa ndipo aibu ya Thawat ilipo, maana jasho la woga lilikuwa linamtoka na bado alifurahi. Maisha yake yote alikuwa akilitafuta gari hili. Gari lililojaa, zito, lenye watu nyuma, na bado linacheza na mlima.

"Tumefika?"

Mnong'ono. Kutoka siti ya pembeni.

Bibi yake alimfundisha tangu utotoni, sauti usiyoijua ikikuita gizani, usiitike. Kila mtoto wa kule hufundishwa hivyo. Thawat aliuma mdomo. Lakini miaka miwili hakuna aliyemuuliza swali hilo. Miaka miwili alikuwa akifika bila kuulizwa, akizima injini, akikaa kidogo gizani kabla ya kuingia nyumba tupu.

"Bado kidogo," akajibu.

Getini Phayao taa ilikuwa imewashwa. Namtan alitoka mbio na mkoba wake mgongoni, amerefuka hadi Thawat akashtuka. Nyuma yake Rewadi na mifuko, na mama mkwe, Bibi Kham, anakokota mguu. Namtan hakumngoja mtu. Akafungua mlango wa katikati.

Akasimama.

"Baba, nikae wapi?"

"Popote, mwanangu. Lote ni lako."

"Pamejaa."

Rewadi akacheka. "Acha utani, mvua hii. Basi leo kaa mbele, bibi akupakate."

Namtan akachungulia mbele, akarudi nyuma hatua moja. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayechelea kumwamsha mwenzake. "Mbele kuna mtoto. Amelala."

Rewadi aliingiza mkono, akagusa siti. Akautoa haraka. Ulikuwa umelowa. Akamtazama mumewe, na lile tabasamu lililotoka kwenye simu likawa halipo tena.

"Thawat. Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Naapa."

Bibi Kham alimvuta mjukuu wake nyuma ya gauni lake, akaunganisha viganja vyake, akaliinamia gari kwa heshima kama anavyoinamia maiti.

"Ndio wale waliofukiwa na maporomoko ya udongo pale kwenye kona," alisema. "Walikuwa wanakwenda harusini, ukoo mzima. Hawajapata gari hadi leo." Akamgeukia mkwewe. "Walisema na wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Ukawaitika?"

Thawat aliinamisha kichwa.

"Wewe mtoto! Upweke gani huo wa kuitika wafu?" Lakini sauti yake haikuwa na hasira. "Warudishe ulikowachukua. Fungua milango, wangoje washuke mpaka wa mwisho. Likiwa tupu, kesho njoo. Likiwa na mtu hata mmoja, usililete hapa kwa mtoto."

"Kesho utakuja, baba?" Namtan aliuliza kutoka nyuma ya gauni.

"Nakuja."

Alirudi mlimani. Gari lilipinda kama hariri na Thawat alilia njia nzima, hajui analia nini. Kwenye kona ya kibanda akasimama, akashuka, akafungua milango yote mvua ikaingia. Akaunganisha viganja.

"Tumefika," akasema. "Samahanini. Mimi siendi mbali zaidi ya hapa."

Klik. Nyuma ya gari ikainuka kidogo. Klik. Ikainuka tena. Majani ya kando ya barabara yalilala, yakasimama, kama yanapisha watu. Harufu ikapungua. Akafunga mlango mmoja mmoja kwa adabu, hadi ukabaki mmoja.

Wa mbele.

Mkanda ulikuwa bado umekaza. Akangoja. Mvua ilimlowesha hadi mifupani. Akasubiri zaidi.

"Shuka, mtoto mzuri," alinong'ona. "Wenzako wameshashuka."

Sauti ndogo ikatoka kwenye siti.

"Mjomba… nje kunanyesha."

Thawat alitazama kile kibanda kidogo, kisichotosha hata paka. Alitazama bonde jeusi. Alimjua mtoto aliyeshushwa katikati ya mlima siku ya mvua. Alikuwa wake, na aliyemfanya ashushwe ni yeye.

Akausukuma mlango, ukafungika.

Alipokaa kwenye usukani, simu ikalia. Ilikuwa namba ya Rewadi, lakini sauti ya Namtan.

"Baba, wameshuka?"

Pembeni yake mkanda ulipanda, ukashuka, taratibu, kama kifua cha mtu aliyepitiwa na usingizi.

"Wameshuka, mwanangu."

"Wote?"

"Wote."

Akamsikia akipiga kelele ndani ya nyumba, mama, wameshuka wote! Kisha akarudi kwenye simu, anahema kwa furaha.

"Bibi amenipa nafasi yake. Kesho mimi ndiye ninayekaa mbele."

Simu ikakatika, na ndani ya gari ikabaki mvua tu.

"Tumefika?"

Akaweka gia.

"Bado kidogo," akasema.