Unywele Ndani ya Lenzi

Ondoa hicho kicheko mdomoni kabla sijaanza. Nimekiona. Wewe ndiye uliyesoma, na majini kwako ni ndoto za watu waliolala na njaa. Haya, kaa na elimu yako hapo hapo, ila usinikatize, na nikimaliza usije ukaniambia ni mawazo ya kizee. Kizee hiki kilikuwepo kwa miguu yake miwili, na kilichofanyika mwishoni kilifanywa kwa mkono huu unaouona.

Mjukuu wangu ni msusi. Saluni yake ni chumba kimoja: kiti cha kuzunguka, kioo, benchi la wanaosubiri na umbea wao, na ukuta wa nyuma mweupe aliopaka mwenyewe. Ukuta huo uukumbuke. Hauna dirisha wala mlango. Nyuma yake ni uzio wa jirani.

Siku moja alipiga picha kichwa cha mteja kwa simu, kazi ya saa sita, misuko myembamba kama uzi. Ikatoka kama kamba za kufungia mbuzi. Akasema basi, anataka kamera ya kweli. Kwa miezi mitatu nyumbani hapakukalika. Mimi niliyeishia darasa la saba nilijua mambo ya kamera bila kuyaomba.

"Bibi, watu wanakosea. Wanamaliza uwezo wao wote kwenye kamera, halafu lenzi wanabandika yoyote. Kamera inapitwa na wakati, lenzi haipitwi. Mimi nachukua kamera iliyotumika, ya chini kabisa, halafu natafuta lenzi nzuri ya zamani."

"Na inayoosha vyombo, ipo?"

"Nataka hamsini."

"Hamsini nini?"

"Milimita, Bibi. Hiyo inaona kama jicho la mtu."

Kama jicho la mtu. Angejua.

Na aliyemwambia aende kwa Fokasi ni mimi. Nakiri mapema ili usije ukanishika shati baadaye. Fokasi, ndivyo wanavyomwita, ni mzee anayeuza kamera zilizotumika na kuzitengeneza. Duka hilo nalijua tangu likiwa studio ya picha, enzi za filamu. Ujanani nilikuwa mfagizi pale. Fokasi alikaa mbele na tai yake, akipokea wateja na sifa. Anayepiga picha na kuzisafisha alikuwa mkewe, tuliyemwita Mama Picha, mwanamke mrefu aliyepaka nywele zake rangi nyekundu wakati wenzake wote walikuwa wakiogopa kusemwa. Alishinda kwenye chumba cha giza, kwenye taa nyekundu na harufu ya siki ya dawa zake. Nikipita na ufagio alinipigia kelele zile zile kila siku: "Funga mlango, mdogo wangu! Mwanga unaingia!" Picha zote zilitoka na jina la mumewe chini. Halafu siku moja Fokasi akatutangazia kwamba mkewe ametoroka na mwanamume. Tukamsikitikia. Mimi nilimpelekea chai.

Basi mjukuu akaenda. Alikuwa amejifunza kwamba lenzi kuukuu humulikwa tochi kwa nyuma kabla ya kununuliwa, ili uone kama ina ukungu ndani. Akaimulika.

"Fundi, humu kuna unywele."

"Ukungu huo, binti. Lenzi ya umri huo haikosi. Hautokei kwenye picha."

"Mimi nashika nywele kuanzia asubuhi mpaka jioni. Huu ni unywele. Shina jeupe, ncha nyekundu. Umepakwa rangi."

Fokasi akaifunika tochi kwa kiganja. "Ukitaka isiyo na kitu, ile pale juu, bei mara tatu. Hii nakupa na pete ya kuifungia kwenye kamera, bure."

Mjukuu aliniambia baadaye kwamba mzee yule aliifunga ile lenzi kwenye kitambaa huku ametazama pembeni, kama mtu anayefunga kinyesi cha mtoto. Aliliona hilo. Aliuona unywele. Akanunua, kwa sababu bei rahisi hupofusha kabla hata jini hajaanza kazi.

Picha ya kwanza alimpiga mwalimu mmoja, mteja wake wa kila wiki. Wakainama wote kwenye kioo kidogo cha kamera.

"Nimependeza," akasema mwalimu. "Ila huu mlango umeuweka lini?"

"Mlango gani?"

Nyuma ya mwalimu, kwenye ukuta mweupe, palikuwa na mlango mweusi. Umefungwa. Mwalimu akageuka kuutazama ukuta, akarudi kwenye picha, akacheka kicheko kifupi, akadai kitambaa chake cha kichwa na kuondoka kabla nywele hazijakauka.

Mjukuu akabadilisha kadi ya kamera. Akarudisha ile lenzi ya kawaida iliyokuja na kamera, mlango hakuna. Akafunga hamsini; mlango upo. Na kila picha ulikuwa umefunguka zaidi kidogo, upana wa kidole, upana wa mkono.

Hapo ndipo angeitupa. Wewe ungeitupa, najua, wewe ni hodari sana ukiwa umekaa. Lakini picha za lenzi ile zilikuwa nzuri mno. Wateja walilia kujiona. Watu walitoka mbali kuja kupigwa, mlango au hakuna mlango. Wengine walidhani ni pazia la urembo.

Nilipokwenda kumtembelea, harufu ilinigonga kizingitini.

"Nani kamwaga siki humu?"

"Hata mimi naisikia, Bibi. Nimeosha kila kitu." Alikuwa anachana nywele za mtu akiwa ameinamisha shingo upande, kama kuku. Nikamshika kidevu.

"Jicho lina nini?"

"La kulia linafifia pembeni. Lile ninalochungulia nalo kamera." Akanong'ona mteja asisikie. "Daktari wa macho amelipima mara mbili. Anasema jicho ni zima kabisa. Bibi, kama naendelea hivi, nitasukaje?"

Mimi nilikuwa nasikia kitu. Kilitoka kwenye ukuta mweupe, adhuhuri, jua limewaka barabarani na redio ya jirani inasoma habari: kucha, zinakwaruza mbao, taratibu, kutoka juu kushuka chini, zinapumzika kama mtu aliyechoka, halafu zinaanza tena juu, na ukuta ule ni wa tofali, hauna hata kipande cha ubao, na yule mteja kwenye kiti alikuwa ameacha kuzungumza na ameshika mikono ya kiti, na mjukuu wangu alikuwa ameacha kuchana, na sisi watatu tulitazamana ndani ya kioo kwa sababu hakuna aliyethubutu kugeuka, na ndani ya kioo kile, nyuma yetu, ukuta ulikuwa mweupe tu, mtupu, lakini kamera iliyokuwa imewekwa juu ya meza, ambayo hakuna aliyeigusa, ililia yenyewe kale ka mlio kake ka kupiga picha.

Nikaichukua mimi. Nikatazama. Mlango ulikuwa wazi wote. Vidole vinne vimeshika ukingo wake, kucha zimekatika mpaka nyama, na juu ya vidole zimening'inia nywele nyekundu, mashina meupe.

Nilikaa kwenye benchi. Nywele hizo nilizifagia miaka mingi.

Asubuhi yake mjukuu aliamka jicho la kulia ni giza, na la kushoto limeanza pembeni.

Tulikwenda kwa mganga, mwanamke mfupi anayeuza mitumba mbele na kufanya kazi yake nyuma ya pazia. Hakufukiza wala hakunyunyiza. Aliiweka lenzi kwenye kiganja, akaifunika kwa cha pili, akaanza kutetemeka mabega.

"Huyu simtoi," akasema. "Mtu akifungiwa gizani mpaka akafa, jini wa giza lile hurithi kisa chake. Hana ugomvi na binti yako. Anakusanya macho apate kumwona aliyemfungia. Ya huyu ni ya tatu. Jozi mbili keshachukua."

"Nimfanyeje?" nikauliza.

"Mrudishe alikotoka. Haraka, kabla jicho la pili halijazima, maana hapo hayarudi." Akanirudishia lenzi na kwenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu.

Njiani, nikimwongoza mjukuu kwa mkono, mambo yalinijia yenyewe. Kabla tu ya kile tulichoambiwa ni kutoroka, ilikuja barua kwa mpiga picha, aende kuonyesha kazi zake ng'ambo. Mama Picha alinionyesha, akicheka. "Safari hii nakwenda mwenyewe," akasema. Siku mbili nikakuta studio imefungwa, kisha Fokasi akanipa likizo ya wiki mbili. Alisema anasakafia upya chumba cha giza, saruji bado mbichi. Niliporudi nikaisifu sakafu yake. Niliisugua miaka mitatu kwa magoti.

Tulifika saa saba mchana. Fokasi alikuwa peke yake, anafuta vumbi. Alimwona mjukuu akipapasa meza, na hakuuliza ana nini. Nilijua hapo hapo. Mtu asiyejua angeuliza.

"Wa tatu, Fokasi," nikasema. "Wale wawili wa mwanzo waliirudisha wakiwa na fimbo, siyo?"

"Mama, mambo ya zamani hayo. Chagua kamera yoyote hapo. Ondoka nayo."

"Nataka iliyoko stoo, kile kilichokuwa chumba cha giza."

"Stoo hakuna kitu."

"Fungua nione hicho kitu ambacho hakipo. Au nikae hapa mlangoni niwaambie wapita njia kwa nini ulisakafia."

Alitafuta funguo muda mrefu. Nikamketisha mjukuu kwenye kiti cha wateja, nikamwambia asisogee.

Chumba cha giza kilikuwa kama nilivyokiacha: beseni za dawa, kamba ya kuanikia picha, balbu nyekundu isiyo na waya siku hizi. Na mlango ule ule. Kwa ndani hauna kitasa. Fokasi aliking'oa mwenyewe zamani, akatuambia eti tundu lake linapitisha mwanga. Aliingia kwa uangalifu mkubwa na kuweka tofali chini ili mlango usijifunge. Kisha akabaki amesimama kando ya lile tofali kama mlinzi.

Nikamulika ubao wa ndani kwa tochi ya mjukuu. Kuanzia usawa wa uso kushuka mpaka chini, mikwaruzo. Alikuwa ameipaka rangi. Rangi ilikuwa imekatika.

Nikaiweka lenzi katikati ya sakafu.

"Sema," nikamwambia.

"Angeniacha," akasema Fokasi, na midomo yake ilikuwa imekauka kama karatasi. "Picha zote zingekuwa zake. Mimi ningebaki nani? Nilimfungia ili apoe tu, asubuhi nimfungulie. Nikakaa upande ule nikimsikiliza. Siku ya pili akanyamaza. Sikuua, mama. Sikumgusa hata kwa kidole."

Harufu ya siki ikapanda mpaka macho yakatoka machozi. Lenzi ikatoa mlio mdogo kama meno yanayouma mchanga, kioo chake kikapasuka, na unywele ukatoka nje, mmoja, halafu wa pili, halafu zikawa zinatoka tu, nyekundu, zinatambaa juu ya saruji polepole kama maji yaliyomwagwa, zikapita kando ya viatu vyangu bila kunigusa, zikaelekea vya Fokasi, na balbu ile isiyo na waya ikawaka, nyekundu, kama enzi zile.

Kutoka dukani mjukuu akapiga ukelele. "Bibi! Bibi, naona! Naona saa ya ukutani! Saa saba na ishirini!"

Fokasi akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa maji matupu. "Umesikia? Amepona. Ulichokuja kutaka umekipata. Basi twende, mama, tutoke."

Na kweli nilikuwa nimekipata. Hilo liandike kama unaandika. Mtoto anaona, shida yangu imekwisha, hakuna jini wala mganga aliyenidai zaidi.

Ndipo nyuma yetu, kwenye pembe ya beseni, sauti ikasema, ya kawaida kabisa, ya mtu aliye kazini na hataki usumbufu:

"Funga mlango, mdogo wangu. Mwanga unaingia."

Fokasi alinitazama. Nilivitoa vidole vyake mkononi mwangu kimoja kimoja. Nikalisukuma tofali kwa mguu, nikatoka, nikafunga mlango.