Mahindi kwa Waliopona, Maharage kwa Waliokufa

Mwaka 1975, kijijini Mwamkulu, Mama Dafrosa alikuwa akipepeta mchele uani. Mkwewe Verdiana, mke wa mwanawe Melkior, alikaa mkekani. Mimba yake ya kwanza ilikaribia kutimia, na miguu ilikuwa imevimba.

"Mama, bwana afya kasema nijifungulie hospitali."

"Haendi mtu wangu hospitali," alijibu Dafrosa. "Binti yangu Romana alikwenda kujifungua, akarudi kafunikwa shuka. Wewe nakupenda, ndiyo maana nakukatalia."

Alimpenda kweli. Kila asubuhi alimchemshia maji ya kuoga. Ila kichwa chake kilikuwa kigumu, tusidanganyane.

Jioni, Celestin, yule bwana afya, alipita kwenye darasa la watu wazima, walikokuwa Dafrosa na Verdiana. Dafrosa akamwambia wazi kwamba hospitali inaua.

Celestin hakukasirika. Aliomba sahani, mahindi na maharage.

"Tuhesabu," alisema. "Kila aliyelazwa hospitali tangu mwaka jana akapona, wekeni hindi. Aliyefia huko, wekeni harage."

Watu wakakumbushana.

"Na Alois, aliyepasuliwa ngiri?"

"Yule! Jana tu nimemwona analima."

Mwisho mahindi yalikuwa thelathini na moja, maharage manne.

"Kwenye msiba tunakaa wote," alisema Celestin. "Aliyepona anarudi shambani kimya. Ndiyo maana tunakumbuka vifo tu. Ukitaka kuipima hospitali, hesabu wote. Na hawa wanne, walipelekwa lini?"

Watatu walibebwa kwa machela wakiwa hoi. Mmoja tu ndiye aliyewahi.

Dafrosa alilishika harage la Romana. "Wangu alitokwa damu siku mbili nyumbani," alisema. "Mimi ndiye niliyesema tungoje."

Akalia. Verdiana akamshika mkono, wakarudi nyumbani pamoja.

Kesho yake Dafrosa hakungoja uchungu. Alimpandisha Verdiana kwenye baiskeli, Melkior akashika usukani, yeye akasukuma nyuma mpaka hospitali. Hukohuko shinikizo la damu la Verdiana likapanda sana. Daktari akampasua, na mtoto wa kike akatoka mzima. Mama yake naye akapona.

Waliporudi, Dafrosa hakuingia ndani kwake. Alimbeba mjukuu akapita nyumba hadi nyumba.

"Nyie mlikuja wote kumlilia Romana wangu," aliwaambia. "Na leo njooni wote, mkae."

Wakaja, wakajaa uani.