Karibu, Nimekuona

Sauti ilianza mchana wa jua kali. Fundi cherehani alikuwa ameingia dukani kununua mchele, na kabla mjane hajamgeukia, nyuma ya magunia ya unga mtu akasema kwa upole, "Karibu, fundi. Nimekuona."

Fundi aliuacha mchele wake juu ya mizani akatoka kinyumenyume. Mtaa mzima uliijua sauti ile. Ilikuwa ya mwenye duka, na mwenye duka walikuwa wameshamzika.

Marehemu alikuwa na kanuni ambayo wateja walimtania kwayo mpaka wakachoka. Kila aliyeingia alimsalimu kwa kazi yake, macho kwa macho. Mwizi, alisema, huzoea mbwa na kufuli, lakini hapendi kuonwa. Na akija hata hivyo, mpe anachotaka, mali hutafutwa. Siku jirani alipomwona mtu aliyefunika uso akikimbia kutoka dukani, droo ilikutwa imefunguliwa kwa ufunguo. Marehemu alikuwa ametoa kila kitu, na bado alipigwa kichwani kwa jiwe la mizani.

"Kwa nini umuue mtu aliyekwisha kukupa?" mjane alimwuliza wifi yake kila jioni. 

Baada ya fundi ikawa zamu ya mwalimu, kisha mkunga. Sukari ikaanza kunuka damu mbichi, na sahani ya mizani ikawa inashuka yenyewe, taratibu, kana kwamba kuna anayepima kitu kizito asichotaka kukionyesha, na ikifika chini inatulia hapo hapo, na mjane hakuthubutu tena kuiinua, kwa kuwa mara ya kwanza alipojaribu alihisi kitu kikimshika kidole, kidogo tu, kama mtoto asiyetaka kuachwa.

Wateja wakahama. Wifi akaleta mganga, mama mnene asiye na haraka, ambaye alinusa hewa akiwa bado kizingitini.

"Huyu si kaka yako," alinong'ona. "Wafu hawauzi unga. Ni jini. Damu imeliita, likajivika sauti yake."

"Litoe basi, mama," wifi alisema.

"Nitalitoa leo. Ila msilikabidhi mtu. Jini la damu likishapewa mtu halishibi, humgeukia aliyelilisha."

Mjane hakuwa akisikiliza. Alikuwa akimtazama Muuza Mikate, rafiki aliyezoea kumwita marehemu kaka, akishusha kreti zake nje. Huyu ndiye aliyelia kuliko wote mazikoni. Tangu siku ile mikate aliipitishia dirishani. "Nikiingia nitamkumbuka kaka," alisema, na mjane akamwonea huruma. Sasa alizihesabu siku upya. Sauti ilikuwa bado haijaanza, hakuna aliyeuogopa mlango ule, na yeye alikuwa ameshaacha kuupita.

"Shemeji," alimwita. "Ingia unisaidie kusogeza gunia. Sisi wanawake limetushinda."

"Tafuta mwingine, shemeji. Nina haraka."

"Mwingine nani? Ndugu si wewe?"

Aliingia, kreti mkononi, na harufu ya mikate ya moto ikaingia naye.

"Karibu, Mikate," ilisema sauti. "Nimekuona."

Kreti ikamponyoka. "Nilifunika uso," alisema, na hakuwa akisema na mjane. "Kaka, nilifunika uso. Ulinijuaje?"

Mjane alijua. Mumewe angemtambua mtu huyu hata gizani, kwa pua tu. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa amekula mikate ya mwuaji matanga yote.

"Tuite polisi," mganga alimnong'oneza. "Umeshapata ulichotaka."

"Polisi watamfunga tu. Mimi nataka aogope."

Aliwasukuma wenzake nje, akauvuta mlango wa chuma, akapiga kufuli. Ndani, mtu aliugonga mlango, akaita shemeji, akaita mama, akamwita Mungu, kisha ikasikika sahani ya mizani ikishuka, pole pole, ikishuka kwa muda mrefu kuliko urefu wa mizani yoyote, na baada ya hapo hakuna aliyeita tena. Mjane alikaa kizingitini akisikiliza. Alifurahi, tusimsingizie huzuni.

Mganga aliuokota mkoba wake. "Sasa siliwezi," alisema, na hakudai hata nauli.

Asubuhi polisi walimtoa Muuza Mikate akiwa mzima. Walimwuliza jina lake. Kinywa kilifunguka, kikafumba, kikafunguka. Hakikutoa hata mkoromo.

Mjane alifagia mikate iliyokanyagwa. Sukari ilinuka sukari. Aliinua sahani ya mizani, ikawa nyepesi, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akacheka peke yake. Mume wangu amepumzika, aliwaza. Akatoka kumwaga takataka, akarudi, akavuka kizingiti.

"Karibu, shemeji," ilisema sauti ya Muuza Mikate kutoka nyuma ya magunia ya unga. "Nimekuona."