Tuta la Kitambaa Chekundu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu, na ole wake mtu aliyenichelewesha. Kwanza niliwafungulia kuku. Pili nilijaza ndoo mbili za maji ya kitalu, kule nyuma ya jiko, ambako miche ya kabichi ilifunikwa kwa kivuli cha nyasi. Tatu nilikagua matuta yote tisa ya bustani yetu na kuhakikisha kwamba vitambaa vyekundu viko mahali pake. Kazi hiyo ya tatu ndiyo niliyoipenda, kwa sababu ilikuwa yangu peke yangu.

Bustani yetu haina likizo. Mvua zikija tunapambana na magugu na konokono. Jua likiwaka tunabeba maji mpaka mabega yanaomba talaka. Vitunguu vikitoka, mchicha unaingia. Mchicha ukichoka, tunageuza udongo na kuanza nyanya. Baba ni dereva wa lori na hurudi nyumbani mara moja kwa miezi miwili, kwa hiyo kazi yote ilikuwa ya watu watatu: Mama, Kaka na mimi. Kaka ana miaka kumi na tisa. Mimi nina kumi na miwili, lakini yeye huniita Bosi, kwa sababu ya mdomo wangu.

Vile vitambaa Mama alivikata kutoka kwenye pazia kuukuu. Tuta likipuliziwa dawa ya wadudu, Kaka akilitua tu bomba la kupulizia kutoka mgongoni, mimi nasoma maandishi kwenye chupa, nahesabu siku, kisha nafunga kitambaa kwenye kijiti cha kwanza cha tuta. Kuanzia hapo hakuna ruhusa ya kuchuma hata tunda moja, mpaka siku zilizoandikwa ziishe na mimi mwenyewe nikifungue mbele ya Mama. Nilikuwa nafunga fundo la kufungia turubai la lori alilonifundisha Baba. Kaka alijaribu kulijifunza mwaka mzima, akaishia kusema kwamba ni fundo la kichawi.

Siku ya Ijumaa tulipulizia dawa tuta la nne, lenye nyanya zilizoanza kuiva. Chupa ilisema siku kumi. Nilifunga kitambaa, nikakivuta mara mbili, nikakimbia kuruka kamba na wenzangu.

Jumapili Mama alipata habari kwamba Bibi anaumwa, akafunga safari kwenda kumwuguza.

"Kaka yako atashika bustani, nawe utashika vitambaa vyako," alisema akijitwika mzigo wake. "Nisisikie kelele."

"Kelele ni za Bosi, si zangu," Kaka alisema, tukacheka wote.

Jumatatu niliwahi shuleni hata kabla ya kukagua matuta, kwa sababu ilikuwa zamu ya darasa letu kufagia uwanja. Kwa hiyo sikuwepo mpishi wa shule alipokuja nyumbani kwetu na mkokoteni wake. Kila Jumatatu huchukua kreti nne za nyanya. Hatukuwa na mteja mwingine wa namna hiyo. Yeye ndiye aliyetuvusha kiangazi.

Mchana tulipewa chakula, na juu yake nyanya zilizokatwakatwa bila kupikwa. Mimi nyanya nimezichoka, nazijua tangu zikiwa mbegu. Nilizisukumia zote kwenye sahani ya rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja. Tulimwita Kicheko, maana hata akikosea hesabu alikuwa anacheka.

"Siku ukiolewa na mkulima utakufa njaa," aliniambia, huku akizifakamia.

Saa nane Kicheko alianza kushika tumbo. Hakucheka. Alitapika mlangoni, kisha akatapika tena. Kabla ya kengele ya mwisho wanafunzi kumi na watatu walikuwa wamelala kwenye mikeka ofisini, wengine wakilia kwamba kichwa kinawazunguka. Walipelekwa zahanati. Mganga wa zahanati alinusa nyanya zilizobaki jikoni shuleni na kusema bila kuzunguka kwamba zina dawa ya wadudu.

Nilikimbia nyumbani mbio za kufa mtu. Kwenye tuta la nne hapakuwa na kitambaa, na nyanya zote zilizoiva zilikuwa zimechumwa. Kaka hakuwepo. Alirudi giza likiingia, akasema anaumwa kichwa, akajifungia chumbani kwake.

Mama alirudi Jumanne mchana na kumkuta mwalimu mkuu uani. Shule ilikuwa imeacha kununua kwetu. Mwalimu alipoondoka, Mama alituita sote wawili kwenye tuta la nne.

"Kitambaa kiko wapi?"

Nilifungua mdomo, lakini Kaka aliniwahi.

"Mama, mimi sikuona kitambaa chochote hapa. Ningekiona, kweli ningechuma?" Alinitazama kidogo, kisha akatazama chini. "Labda Bosi alisahau. Ijumaa alikuwa na haraka ya kwenda kuruka kamba."

Ni kweli nilikwenda kuruka kamba, na hapo ndipo aliponiweza. Alichukua kipande cha ukweli akakichanganya na uongo, na mimi nikabaki nimesimama kama mwizi.

"Nilikifunga! Mama, nilikifunga na nikakivuta mara mbili!"

"Basi kiko wapi? Kimeota miguu?"

"Sijui."

"Hujui." Mama alikuwa amechoka, macho mekundu kwa safari. "Nilikupa kazi moja tu. Watoto wa watu wako zahanati, nawe unaniambia hujui. Vitambaa vilivyobaki nipe. Ijumaa utakwenda nami shuleni ukaombe radhi."

Nilimpa. Nililia mpaka kwikwi ikanishika, na si kwa sababu ya kugombezwa, maana mimi nimezoea kugombezwa. Nililia kwa sababu Mama hakuniuliza hata mara ya pili. Aliamini neno la mkubwa, la mdogo akalitupa.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wengine waliziba pua nikipita. Mmoja aliniuliza kama na peremende zangu zina dawa. Wagonjwa wote walipona, lakini Kicheko alirudi wa mwisho, siku ya Alhamisi, amepungua mashavu. Alichukua madaftari yake akahamia dawati la mbele bila kunisemesha. Nilikaa peke yangu kwenye dawati la watu wawili siku nzima.

Jioni hiyo nilikuwa nafua. Nina tabia ya kupekua mifuko kabla ya kuloweka, kwa sababu Kaka huacha misumari humo. Kwenye suruali yake ya kazi vidole vyangu viligusa kitu laini. Nilikitoa. Kilikuwa kitambaa chekundu, kimekatwa kwa kisu upande mmoja, na fundo langu la turubai bado zima.

Sikupiga kelele. Nilishangaa hata mimi mwenyewe, maana kelele ndiyo kazi yangu. Nilimfuata Kaka kwenye shimo la mboji, nikakishika kitambaa mbele ya uso wake. Koleo lilimponyoka mkononi.

"Punguza sauti," alisema, ingawa sikuwa nimesema neno.

"Kwa nini, Kaka?"

"Nilimwahidi mpishi kreti nne. Matuta mengine yalitoa mbili na nusu. Angeniona si mtu wa maana, siku ya kwanza Mama ananiachia bustani." Alijifuta jasho. "Nilidhani siku tatu zinatosha. Nilidhani wangezipika. Fundo lako lilinishinda, nikalikata."

"Na kuniambia nimesahau, ulidhani nini?"

Alisema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka linanichoma. "Wewe ni mdogo. Ukisahau, watu watasema ni mtoto huyo, kesho wataacha. Mimi nikijulikana, hakuna atakayenunua hata jani la mchicha mkononi mwangu maisha yangu yote. Nibebee hili, Bosi. Mara moja tu. Nitakununulia viatu vya michezo."

Huyu ndiye Kaka aliyenibeba mabegani nikiwa na malaria! Huyu ndiye aliyenifundisha kuogelea, kupanda baiskeli, hata kusoma saa. Nilimwamini kuliko nilivyojiamini mwenyewe, na alikuwa ameniuza akiwa na macho makavu. Sasa tena alitaka nimshukuru kwa viatu.

"Sitaki viatu vyako," nilisema. "Mwambie Mama mwenyewe. Nakupa mpaka kesho asubuhi."

"Nitamwambia," alisema. "Haki ya Mungu nitamwambia."

Nikalala usingizi mzuri, mjinga mimi. Asubuhi Kaka alikunywa chai kimya. Mama alijaza kikapu mboga safi za kwenda kuombea radhi, Kaka akakifunga kwenye baiskeli, tukaanza safari. Njia nzima nilimsubiri. Kila alipofungua mdomo nilitega sikio, lakini aliishia kusema angalieni dimbwi, au huyo mbwa ni mkali. Tulifika shuleni hajasema.

Ofisini kwa mwalimu mkuu tulimkuta mpishi, na baba yake Kicheko, fundi cherehani, ambaye utepe wake wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni. Mama alinisukuma mbele taratibu.

"Haya, sema."

Nilitazama mlangoni. Kaka alikuwa anachezea breki ya baiskeli. Nilimngoja mara ya mwisho, nikahesabu mpaka tano kimoyomoyo. Kisha nikapiga moyo konde.

"Nasikitika sana kwamba wenzangu waliumwa," nilisema. "Nyanya nyingine alizokula Kicheko nilimpa mimi kwa mkono wangu, na jambo hilo linaniuma. Lakini sikusahau kufunga kitambaa, na sitaomba radhi kwa kosa ambalo si langu." Nikakiweka kitambaa mezani. "Hiki nilikikuta mfukoni mwa suruali ya Kaka."

"Unasema nini wewe!" Mama alinijia juu. Lakini fundi cherehani alikuwa ameshakichukua kitambaa, anakigeuzageuza kidoleni.

"Hakikufunguliwa hiki," alisema. "Kilifungwa vizuri, kikakatwa kwa kisu kisicho na makali. Tazama nyuzi zilivyovutika."

Mama alilitazama fundo. Analijua fundo la mumewe. Aligeuka mlangoni polepole.

"Njoo hapa, mwanangu. Nitazame usoni uniambie."

Kaka aliingia. Mtu mzima yule, ndevu zimeanza kuota, alilia mbele ya mpishi na mbele ya watu wote. Alisema kila kitu, tangu kreti mbili na nusu mpaka viatu. Hakuna aliyemkatiza. Mpishi alikuwa anatikisa kichwa tu, kisha akasema, "Kijana wangu, ungeniambia kreti mbili na nusu ningechukua mbili na nusu. Nani alikwambia nitakudharau?"

Fundi cherehani hakuwa mpole hivyo. "Binti yangu alitapika mpaka damu ikamtoka puani," alimwambia. "Utakuja nyumbani kwangu umweleze yeye, si mimi."

"Na si kwake tu," mwalimu mkuu alisema. "Nyumba kumi na tatu. Kwa miguu yako mwenyewe." Akamgeukia Mama. "Shule itanunua tena kwenu mwezi ujao, si kabla. Na sitaki kukuta tuta limepuliziwa dawa ambalo msichana huyu hajaliandika na kulikagua."

Nilidhani Mama ataanza kumgombeza Kaka. Hakufanya hivyo. Alipiga magoti sakafuni mbele yangu, pale pale mbele ya watu, na mimi nikaona aibu kwa niaba yake.

"Mama, inuka."

"Ngoja niseme, nawe Kaka mtu sikiliza," alisema. "Aliyechuma alikosea, na aliyemsingizia mdogo wake alikosea zaidi. Lakini mimi nilikuwa na watoto wawili mbele yangu, nikamsikiliza mmoja kwa sababu ni mrefu. Ukweli hauna umri. Anayetaka kuujua anauliza pande zote, na mimi sikuuliza. Nisamehe, mwanangu."

Nililia tena, na safari hii Mama alinishika mpaka nikanyamaza. Kumsamehe Mama hakukuwa na kazi. Alikuwa amekosea na amesema amekosea, basi.

Kaka alimaliza nyumba kumi na tatu kwa siku nne. Nyumba nyingine walimpa kiti, nyingine walimfungia mlango. Kicheko aliporudi kwenye dawati letu aliniambia kwamba Kaka alipofika kwao alisimama uani nusu saa hajui aanzie wapi, mpaka yeye Kicheko akamcheka.

Siku ya nne, saa kumi na moja jioni, Kaka alinikuta kitaluni nikipunguza miche. Alichuchumaa kando yangu, akaanza kung'oa magugu ambayo hata hayakuwepo.

"Bosi."

Niling'oa mche mwingine.

"Mama amenisamehe. Fundi amenisamehe. Hata mpishi. Wewe utanisamehe lini?"

Nilimtazama. Nilitaka kusema leo, maana nilikuwa nimekumbuka kucheka naye. Lakini kila nilipotaka kulitamka, nilimwona akitazama chini kwenye lile tuta, akisema labda Bosi alisahau.

"Sijui, Kaka," nilimwambia. "Sitakudanganya. Bado."

Aliitikia kwa kichwa. Nadhani alitaka kulia tena, na mimi pia.

"Lakini kesho ni zamu yako ya kumwagilia," nikasema, "na usinicheleweshe."

Asubuhi nilipotoka kuwafungulia kuku, nilikuta ameshamaliza matuta sita.